Mtende, Kobe na Majina Mawili

Katika kitabu kidogo tulichokifasiri mimi na marehemu mume wangu, ukurasa wa 41, umo mnazi ambao haukupata kuota popote duniani. Shinani mwake yumo kasa, naye anaupanda. Nimeishi na mnazi huo tangu mwaka 1998 bila ya kuutazama mara ya pili, mpaka mwaka huu mchapishaji mmoja kijana aliponipigia simu kuniambia kwamba anataka kukitoa kitabu upya.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alianza, na baada ya maamkizi akanitaka mambo mawili: nisahihishe makosa yaliyomo, kisha nimwambie majina ya wafasiri yapangwe vipi juu ya jalada. La kwanza nililiona kazi ya wiki moja. La pili nilimwambia nitalifikiri.

Kitabu chenyewe kinahusu maisha ya Mary, malkia wa Uskoti, na kiliandikiwa vijana. Ukurasa wa 41 unazungumzia sarafu ya fedha iliyofuliwa mwaka 1565. Mwandishi anautaja mti uliochorwa juu yake kwa neno la Kiingereza linalobeba kwa pamoja mnazi, mtende, mpopoo, mchikichi, mvumo na mkoche, kana kwamba yote hiyo ni watoto wa tumbo moja wasiohitaji kupewa majina. Mimi ni mtoto wa shamba la minazi, nikaandika mnazi. Na kwa kuwa mnazi kwetu uko pwani, na mnyama wa gamba anayejulikana pwani ni kasa, nikamtoa kobe wa watu nchi kavu nikamtia kasa. Kosa la kwanza lilimwita la pili.

Safari hii sikutaka kubadilisha neno tu bila ya kujua nabadilisha nini. Niliazima vitabu, nikamsumbua mtoto wa dada yangu aliyeko Glasgow anipelekee picha, nikakaa na kioo cha kukuzia mbele ya sura ya sarafu ambayo sijapata kuishika mkononi.

Yafaa kwanza kumjua mwenye sarafu. Mary alizaliwa tarehe 8 Disemba 1542, na baba yake akafariki siku sita baadaye. Kwa hiyo alikuwa malkia kabla hajaweza kuinua shingo. Alipelekwa Ufaransa akiwa na umri wa miaka mitano, akaolewa mwaka 1558 na mrithi wa kiti cha enzi cha huko, akafiwa naye mwaka 1560, na mwaka uliofuata akarudi kwao, mjane wa miaka kumi na minane. Sarafu za Uskoti za ndoa ile ya kwanza zilitanguliza jina la mume, Francis, kisha likaja lake. Bibi harusi alikuwa na miaka kumi na mitano, na bwana harusi alikuwa anangojea kuwa mfalme wa Ufaransa, nani angeuliza?

Tarehe 29 Julai 1565 aliolewa mara ya pili, na binamu yake Henry Stuart, bwana wa Darnley, kijana mrefu, mzuri wa sura, mwenye umri wa chini ya miaka ishirini. Wote wawili walikuwa wajukuu wa Margaret Tudor, dada wa mfalme Henry VIII wa Uingereza, na hilo ndilo lililoifanya harusi yao imkoseshe usingizi Elizabeth kule London. Jioni ya kuamkia harusi malkia aliamuru mbiu ipigwe mjini Edinburgh kwamba mumewe ataitwa mfalme. Bunge halikuulizwa. Masharifu wengi walikasirika, na baadhi yao wakashika silaha, wakafukuzwa mpaka wakakimbilia Uingereza mwezi wa Oktoba.

Katika miezi hiyo ndipo ilipotoka sarafu ya kwanza ya ndoa yao. Vichwa viwili vinatazamana, karibu pua kwa pua, na chini yao upo mwaka. Ukingoni, kwa Kilatini kilichofupishwa, wanatajwa Henry na Mary, kwa neema ya Mungu mfalme na malkia wa Waskoti. Upande wa pili ipo ngao yenye taji, baina ya maua mawili ya mbaruti, ambayo ni nembo ya nchi yao (ingawa mbaruti wao na huu wetu wa vichakani, nimegundua, hawana udugu wowote isipokuwa miiba). Na kuizunguka ngao yamezungushwa maneno ya Injili juu ya ndoa, yale yanayokataza kiumbe kufungua fundo alilolifunga Mungu. Ukiitazama utadhani ni kadi ya harusi iliyofuliwa kwa fedha.

Haikuishi. Mwaka haujesha, sarafu ile iliondolewa. Balozi wa Uingereza, Thomas Randolph, aliandika mwezi wa Disemba kwamba vipande vyenye nyuso mbili vimerudishwa na vyengine vimetengenezwa mahali pake. Na katika barua hiyo hiyo akaeleza kwamba Darnley, aliyekuwa akitajwa kwa cheo cha mfalme, sasa aghalabu anatajwa kuwa ni mume wa malkia. Zimebaki chache mno, hata wapo wataalamu wanaoona kwamba ilikuwa medali ya ukumbusho au jaribio la mafundi tu, wala haikuwa pesa ya sokoni. Mimi nimeelemea upande wa Randolph. Mtu ambaye kazi yake ni kuchungulia nyumba za watu hapotezi wino kwa jambo lisilomhusu mkubwa wake.

Sarafu iliyochukua nafasi yake iliagizwa na baraza la malkia tarehe 22 Disemba 1565. Iwe na uzito wa aunsi moja, sehemu kumi na moja katika kumi na mbili ziwe fedha safi, na thamani yake iwe shilingi 30 za Kiskoti. Pamoja nayo zifuliwe ndogo mbili, ya shilingi 20 na ya shilingi 10. Nyuso zimeondoka. Upande mmoja ngao na maua ya mbaruti, na ukingoni majina yamepinduliwa: Mary kwanza, kisha Henry. Upande wa pili mti uliovishwa taji, na kiumbe mwenye gamba anaukwea. Maneno ya ndoa nayo yamefutwa, na mahali pake imekuja Zaburi, ile inayomwomba Mungu asimame ili maadui zake wasambaratike. Kutoka Julai mpaka Disemba, katika sarafu ya nyumba moja, maneno ya nikahi yamegeuka kuwa dua ya vita.

Nataka nikae kidogo hapa penye mti, kwa sababu ndipo nilipoanguka.

Amri ya baraza imeandikwa kwa Kiskoti cha siku zile, na inasema wazi kwamba mti ni mtende. Lakini alipofika kwa yule mnyama, karani wa baraza alitumia neno ambalo, ukilifasiri kwa kulikata vipande, ni chura wa gamba. Nilipolisoma nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya. Karani alikuwa katika nchi isiyokuwa na kobe. Akatafuta katika ghala la lugha yake, akamkuta chura, akamvika nyumba mgongoni, na kila aliyemsikia alifahamu. Mimi nilikuwa na kobe tayari, nikamwacha.

Kwa nini mtende? Wasomi wa Ulaya wa karne ya 16 walipenda sana vitabu vya nembo, na katika vitabu hivyo mtende ulisifiwa kwa jambo moja walilolirithi kwa watu wa kale: kwamba ukitwikwa mzigo hauinami, bali unazidi kuinuka. Nina shaka kama kuna mkulima wa tende aliyewahi kuulizwa. Juu ya shina umefungwa utepe wenye maneno matatu ya Kilatini, yenye maana kwamba utukufu hutoa nguvu. Yametoka kwa Propertius, mshairi wa Roma, katika shairi ambamo anajisemea kuwa njia anayoipanda ni ndefu. Wengi waliozisoma nembo hizi wameona kwamba mtende wenye taji ni malkia mwenyewe, na kobe ni Darnley: mzito, mpole wa mwendo, akipanda kwa nguvu za utukufu usiokuwa wake. Kama ndivyo, sijapata kuona mke aliyemsema mumewe kwa lugha ya adabu kuliko hii, tena kwa kipande kinachopita mkononi mwa kila mchuuzi.

Lakini mchuuzi hakuyaona hayo. Fundi aliyeuchonga mtende huenda hakupata kuuona hata mmoja. Majani yake yamejaa na kufumbana, na mtu wa kwetu akionyeshwa atataja miti kumi kabla ya kuutaja mtende. Waskoti waliutazama wakaujua mara moja: ni mti wao wa baridi uitwao yuu, unaopandwa makaburini na usiopukutisha majani. Wakasema ni yuu maalumu uliokuwa katika ngome ya Crookston, milki ya jamaa wa Darnley, ambao chini yake wapenzi hao wawili walikuwa wakikaa kuzungumza. Sarafu ikaitwa dola ya Crookston, na jina hilo likadumu karne nyingi. Mtoto wa dada yangu amenipelekea picha ya ngome hiyo. Siku hizi imezungukwa na nyumba za mji wa Glasgow, na mti haupo tena. Kobe naye, katika hadithi yao, sijamkuta akitajwa. Aliyetaka kivuli cha wapenzi hakuwa na haja ya kobe.

Sina haki ya kuwacheka. Waskoti waliiita sarafu hiyo riali, neno lenye maana ya kitu cha kifalme, na neno hilo ni ndugu wa reale tuliyoitumia sisi, iliyotufikia kwa mikono ya Wareno, Wahispania na Waarabu. Wazee wetu walikuwa na reale za kila namna, na moja wakaiita reale ya mzinga. Ilikuwa ni dola ya Hispania, na juu yake hapakuwa na mzinga wowote: palikuwa na nguzo mbili za Herakule, zile zinazosimama mlangoni mwa bahari ya Kati. Waarabu waliziona nguzo wakasema mizinga, nasi tukasema vivyo hivyo. Watu waliozoea kuona mizinga ikielekezwa baharini kutoka ngomeni, waone nini kingine? Bibi yangu mzaa mama alikuwa na reale moja ya Sham ndani ya kasha lake la nguo, yenye kichwa cha Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Mafundi waliendelea kuifua kwa mwaka huo huo karne mbili zilizofuata. Bibi hakujua ni nani. Akimwita "yule mama mnene," na akiamini kwamba ni mtu wa Sham. Ninapoandika haya naiona sura yake akiipangusa kwa ncha ya kanga.

Turudi Edinburgh. Tarehe 9 Machi 1566 kundi la watu wenye silaha liliingia chumbani kwa malkia, naye ana mimba ya miezi sita, likamvuta karani wake Mtaliana, David Riccio, na kumuua. Darnley alikuwa pamoja nao. Mtoto, James, alizaliwa tarehe 19 Juni. Mume na mke hawakupatana tena kwa kweli. Hata hivyo mwaka huo wote sarafu ziliendelea kutoka na majina mawili, Mary na Henry, mtende na kobe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1567 nyumba aliyolazwa Darnley, pembezoni mwa mji, ililipuliwa kwa baruti, na maiti yake ikakutwa bustanini bila ya jeraha la moto. Nani aliyeamuru, na malkia alijua kiasi gani, ni ugomvi ambao haujaisha mpaka leo na mimi siuingii.

Ninachokiingia ni sarafu. Katika mwaka huo wa 1567 ilifuliwa ya tatu, na hii ndiyo ambayo kitabu chetu hakikuitaja. Ukingoni limebaki jina moja, Mary, kwa neema ya Mungu malkia wa Waskoti. Henry amefutwa. Nikasogeza kioo upande wa pili nikitazamia kuona jambo jipya, na mtende ni ule ule, utepe ni ule ule, na shinani kobe bado anapanda.

Niliiweka picha chini. Sikuweza kuendelea siku hiyo.

Mengine ni mafupi. Mary aliolewa mara ya tatu mwezi wa Mei, na tarehe 24 Julai, akiwa amefungwa katika kisiwa cha ziwa Leven, alilazimishwa kumwachia mwanawe taji. Sarafu za mtoto huyo, za ukubwa ule ule na thamani ile ile, zina upanga uliosimama na maneno yanayonasibishwa na Trajan, kaisari wa Roma, aliyemkabidhi afisa wake upanga autumie kwa ajili yake akitenda haki, na dhidi yake akikosa. Walioyachagua walikuwa ndio hao hao waliomwondoa mama. Mwaka 1578 thamani ya fedha ilipopandishwa, sarafu za mtende zilikusanywa zikagongwa muhuri mdogo wa ua la mbaruti lenye taji, na ile ya shilingi 30 ikawa ya shilingi 36 na peni 9. Wakati huo mwenye jina alikuwa kifungoni Uingereza, akitarizi, na alibaki huko mpaka alipokatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587.

Baada ya hapo ndipo nilipolifungua kasha la madaftari yetu.

Kazi ile tuliigawa hivi. Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari na Kiingereza amekisomea. Mimi niliachia skuli njiani, na Kiingereza nimekiokota katika kamusi na redio. Usiku, watoto wakishalala, alikuwa akinisomea ukurasa na kunieleza palipo pagumu, kisha anakwenda kulala. Kiswahili chote niliandika mimi, mstari kwa mstari, kwa taa ya kandili pale umeme ulipokatika. Kitabu kilipotoka jina lake lilikuwa juu kwa herufi kubwa, langu lilikuwa chini, baada ya maneno "kwa msaada wa." Aliniambia kwamba jina la mwalimu ndilo litakalokiingiza kitabu maskulini, na yamkini alisema kweli. Nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka alipofariki mwaka 2011, na katika ukimya huo nikajitayarishia jawabu la mchapishaji yeyote atakayekuja: jina moja tu.

Ukurasa wenyewe umo katika daftari la tatu. Mwandiko wa wino ni wangu. Juu ya neno mnazi, kwa penseli, kwa ule mwandiko wake mdogo wa kusahihishia kazi za wanafunzi, pameandikwa: mtende? Na juu ya kasa: kobe? Pembeni mwa yote mawili nimejibu kwa wino, na nikapiga mstari chini yake: hapana.

Niliukumbuka usiku ule wote kwa mara moja. Alinieleza kwa upole kwamba anahisi mti huo si wa pwani. Nilimjibu kwamba Kiingereza ni chake lakini Kiswahili ni changu, na aniachie. Hakubishana. Hakuifuta penseli yake wala hakuligusa neno langu, na kitabu kikaenda kwa mpiga chapa hivyo hivyo, mnazi wangu na kasa wangu, chini ya jina lake kubwa. Miaka michache baadaye mwalimu mwenziwe alikuja barazani kwetu akamcheka mbele yangu: wewe bwana, kasa gani huyo apandaye mti? Nilikuwa nikimimina kahawa. Mume wangu alicheka naye, akasema kuwa watu wa Uskoti wana maajabu yao, akabadilisha mazungumzo.

Juzi nimempigia simu yule kijana. Nimemwambia ukurasa wa 41 aandike mtende, na aandike kobe, na nimemtumia aya moja ya kuongeza juu ya sarafu ya mwaka 1567. Kuhusu majina, langu litangulie na lake lifuate, kwa herufi za ukubwa mmoja, na baina yao liwepo "na" peke yake. Akaniuliza kama iwe hivyo kwenye jalada tu au na ukurasa wa ndani.

"Kote kuwili, mwanangu."

Akaniuliza tena kama angependeza kuweka jaladani picha ya sarafu, ile ya nyuso mbili zinazotazamana, maana ameitafuta na kuiona kuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Nikamwambia aweke ya kobe.